Daktari wa familia na darasa lake mtaani: somo la Kariokor

Sisi watu wa pwani tunaijua Kariokor, kule Nairobi, kwa mambo mawili. La kwanza ni soko lake, panaposhonwa viatu vya akala, mishipi ya ngozi na vikapu. La pili ni makaburi ya Waislamu. Mtu wetu akifia Nairobi na familia isiweze kumrudisha Mombasa, Lamu au Malindi kwa haraka, mara nyingi maziko huwa hapo. Kwa hivyo Kariokor na majirani zake, Ziwani, Ngara, Pangani na Pumwani, si mitaa migeni kwetu. Wako ndugu zetu waliozaliwa huko, wakaoa huko na wakazeeka huko.

Jina lenyewe lina habari yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwachukua Waafrika kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wawabebee mizigo katika vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakifanya Kariokor huku Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya walikufa. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliondoka kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Maradhi ya kawaida, yaliyokosa mtu wa kuyaona mapema.

Leo maradhi yetu ya kawaida ni presha, sukari, pumu na kifua kikuu, lakini swali limebaki lile lile: ni nani anayeyaona mapema? Na huyo anayeyaona, ni nani aliyemfundisha? Makala haya yanaeleza kazi ya daktari ambaye hatumzungumzi sana, daktari wa familia, na hasa upande wake wa ualimu.

Daktari wa familia ni nani?

Wengi wetu tukisikia jina hilo humkumbuka daktari wa zamani mwenye kliniki yake mjini, aliyemtibu babu, akamtibu baba, na sasa anawatibu wajukuu. Hilo ni kweli kwa kiasi, lakini halitoshi. Siku hizi udaktari wa familia ni ubingwa kamili, kama ulivyo ubingwa wa moyo au wa macho. Tofauti ni kwamba bingwa wa moyo amechagua kiungo, na bingwa wa watoto amechagua umri. Daktari wa familia amechagua mtu na nyumba yake. Anamtibu mtoto, mama mjamzito na mzee, na yuleyule anayekutibu leo ndiye unayetarajia kumkuta mwaka ujao.

Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya udaktari wa familia mwaka 2005. Badala ya kuwafungia wanafunzi katika hospitali kuu ya Eldoret, chuo kiliwapeleka hospitali za wilaya, Webuye ikiwa mojawapo. Baadaye vyuo vingine vikafuata, vikiwemo Aga Khan na Kabarak. Mwaka 2018 serikali iliwapeleka madaktari 50 Kuba kusomea ubingwa huu huu, kwa sababu nchi ile imejenga matibabu yake juu ya daktari anayeishi na kufanya kazi katika mtaa wa wagonjwa wake.

Njia ya kufika hapo ni ndefu. Kijana anasoma udaktari kwa miaka sita, kisha anakuwa daktari mwanagenzi kwa mwaka mmoja, kisha anafanya kazi, kisha anarudi darasani kusomea ubingwa kwa miaka mingine kadhaa. Akitaka kuwa mwalimu chuoni, hapo ndipo ngazi nyingine inapoanza: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Wakati wote huo anaendelea kutibu. Mwalimu wa udaktari wa familia aliyeacha kuona wagonjwa ni kama nahodha anayefundisha ubaharia akiwa nchi kavu.

Hesabu ya watu 1,000

Kwa nini wanafunzi wa udaktari wahitaji mwalimu wa namna hii, ilhali hospitali kuu zimejaa mabingwa? Jibu liko katika hesabu moja maarufu. Mwaka 1961 daktari Mmarekani Kerr White na wenzake walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Marekani na Uingereza. Walisema hivi: chukua watu wazima 1,000. Katika mwezi mmoja, watu 750 hivi watajisikia vibaya kwa namna moja au nyingine. Kati yao, 250 watamwona daktari. Watakaolazwa hospitalini ni tisa. Na atakayefika hospitali ya chuo kikuu, ile wanafunzi wanakofundishiwa, ni mtu mmoja tu.

Mwaka 2001 watafiti wengine wa Marekani wakairudia hesabu hiyo. Miaka 40 ilikuwa imepita, dawa na mashine zimebadilika, lakini sura ilikuwa ile ile. Waliofika hospitali ya chuo kikuu hawakutimia hata mtu mmoja katika 1,000.

Msomaji, hesabu hiyo ni ya nchi nyingine, lakini maana yake ni rahisi kuiona hata kwetu. Mwanafunzi anayesoma katika hospitali kubwa ya rufaa pekee anamwona yule mmoja. Anajifunza uvimbe usio wa kawaida, figo zilizokwisha kufa, moyo ulioshindwa. Hayo ni muhimu ayajue. Lakini akimaliza masomo na kupelekwa hospitali ndogo ya Kwale au kituo cha afya cha Eastlands, atakaokutana nao ni wale 249 waliobaki: kikohozi kisichoeleweka, mgongo unaouma, mama asiyelala, mzee ambaye dawa za presha zimemshinda kununua. Hao hakufundishwa. Ndiyo maana mara nyingine unatoka kwa daktari kijana na karatasi ya vipimo sita, wakati swali moja zuri lingetosha.

Darasa la mtaani

Sasa chukulia Kariokor ndiyo darasa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano yuko katika kituo cha afya na mwalimu wake. Anaingia fundi wa viatu, umri wa miaka 45, anakohoa na kichwa kinamuuma kila jioni. Mwanafunzi aliyezoea wadi ataandika dawa ya kikohozi na vidonge vya maumivu. Daktari wa familia atamwambia: muulize kwanza kazi yake. Anashonea wapi? Gundi anaipaka ndani ya chumba chenye dirisha au kisicho na dirisha? Jumapili akipumzika, kichwa kinauma pia? Amepungua uzito? Anatoka jasho usiku? Nyumbani kuna mwingine anayekohoa?

Kwa maswali hayo, mambo mawili yamefunguka. Moja ni kwamba moshi wa gundi huenda ndio adui, na dawa yake ya kwanza ni dirisha. La pili ni kwamba makohozi yapimwe, maana kifua kikuu hupenda vyumba vilivyosongamana. Mwanafunzi amejifunza kwamba maradhi yana anwani.

Mfano mwingine unatuhusu zaidi. Bi mkubwa wa miaka 60 ana sukari, anatumia dawa asubuhi na jioni, na Ramadhani inakaribia. Daktari asiyejua watu wake atamwambia usifunge, basi. Bi mkubwa ataitikia kwa adabu, kisha atakwenda kufunga bila kumwambia mtu, na dawa atazimeza kwa makadirio yake. Daktari wa familia humfundisha mwanafunzi kuanza mazungumzo mapema, tangu Rajabu au Shaabani. Amuulize mgonjwa mwaka jana alifungaje, alizimia au hakuzimia. Amweleze kama hali yake inaruhusu au ni ya hatari. Kama inaruhusu, dawa zipangwe upya kati ya futari na daku. Amfahamishe kwamba kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9, au kikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama adhana imebaki nusu saa. Na amtoe wasiwasi kwamba maulamaa wengi hawaoni kuchoma kidole kupima damu kuwa kunabatilisha saumu. Pale panapohitaji fatwa, amuelekeze kwa sheikh wake, na ikiwezekana daktari na sheikh wazungumze.

Mwanafunzi hawezi kulipata somo hilo wadini. Wadini humkuta bi mkubwa amekwisha kuzimia.

Sisi huwa na msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwa huruma ya nyumbani, msemo huo ni sawa: mletee tu. Lakini kwa daktari ni kinyume. Mwalimu wa udaktari wa familia humfunza mwanafunzi kuuliza mambo matatu kila mara: wewe mwenyewe unadhani ni nini? Unachokiogopa ni nini? Ulikuwa unatarajia nikufanyie nini? Wengi wetu hatujawahi kuulizwa hayo na daktari yeyote. Mtu aliyekuja na maumivu ya kifua huenda anaogopa tu kwa sababu kaka yake alikufa ghafla mwezi uliopita. Usipouliza, utampima moyo mara tatu na hofu itabaki pale pale.

Ualimu wa dakika chache

Mtu atauliza: kituo kimejaa, foleni imefika barabarani, huyo daktari atapata wapi nafasi ya kufundisha? Swali hilo liliwasumbua walimu wengi duniani. Mwaka 1992, Jon Neher na wenzake, madaktari wa familia huko Marekani, waliandika njia fupi ya hatua tano, ambayo sasa inatumika sehemu nyingi.

Kwanza, mwanafunzi aseme yeye anadhani mgonjwa ana nini. Asiruhusiwe kujificha nyuma ya mwalimu. Pili, aulizwe sababu: umejuaje? Tatu, mwalimu atoe kanuni moja tu ya kukumbuka, kwa mfano, anayekohoa aulizwe kazi yake kabla ya kuandikiwa dawa. Nne, aambiwe alichofanya vizuri, kwa kutaja jambo lenyewe. Tano, aambiwe alipokosea na namna ya kurekebisha. Yote hayo huchukua dakika chache, katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Ukitazama vizuri, utaona si jambo geni kwetu. Fundi wa jahazi wa Lamu hakumfunza mwanagenzi wake kwa mihadhara. Alimpa tezo, akamwacha achonge, akamuuliza kwa nini umechonga hivi, akamwonyesha. Elimu ya vyuoni imezunguka dunia na kurudi pale pale pa mwanagenzi na fundi.

Wengine walianzaje?

Haya hayakubuniwa Nairobi. Mji wa Edinburgh, ule aliosomea Mwalimu Nyerere, ndio wenye sifa ya kutangulia. Mwaka 1948 chuo kikuu chake kiliichukua zahanati ya zamani ya maskini na kuifanya kliniki ya kufundishia madaktari wa kawaida. Aliyeiongoza kazi hiyo, Richard Scott, akawa mwaka 1963 profesa wa kwanza duniani wa fani hiyo. Kabla ya hapo, wakubwa wa vyuo waliamini kwamba daktari wa mtaani hana cha kufundisha. Ni mtu aliyeshindwa kuwa bingwa.

Huko Ubelgiji, Jan De Maeseneer alianza kutibu katika mtaa wa Ledeberg, mjini Ghent, mwaka 1978, katika kituo cha afya cha jamii. Baadaye aliongoza idara ya udaktari wa familia ya chuo kikuu cha mji huo kwa miaka mingi, lakini wagonjwa wake wa Ledeberg hakuwaacha. Wanafunzi walipelekwa mitaani kuzungumza na familia, kisha wakakaa na wenzao wanaosomea mambo ya jamii kutafuta chanzo cha maradhi waliyoyaona. De Maeseneer huyo huyo alikuwa kiungo cha mtandao wa Primafamed, uliounganisha vyuo vya Afrika vinavyofundisha udaktari wa familia, Moi kikiwa kimoja chao.

Karibu zaidi nasi ni Unguja. Mwaka 2007 walimu kutoka Chuo cha Matanzas, Kuba, walianza kuwafundisha udaktari vijana wa Kizanzibari hapo hapo visiwani, kwao, miongoni mwa wagonjwa wao.

Na kutoka Kariokor hadi Majengo, Pumwani, ni mwendo wa miguu. Huko, tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walifungua kliniki ya wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Humo iligunduliwa kwamba baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukutana navyo mara kwa mara. Wataalamu kutoka pande zote za dunia wakaja kujifunza katika mtaa ambao watu wa Nairobi yenyewe waliupita wakifunga vioo vya gari. Basi asituambie mtu kwamba Eastlands haina cha kufundisha.

Vikwazo

Kwa nini basi walimu hawa ni wachache? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni mizani ya vyuo. Mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa machapisho kuliko kwa saa alizokaa kituoni akimwonyesha mwanafunzi namna ya kumsikiliza mama wa watoto watano. Kijana mwerevu anaiona mizani hiyo mapema, na anachagua ubingwa wenye heshima na kipato kikubwa zaidi.

Ya pili ni mgawanyo wa kazi. Vyuo vya umma vingi ni vya serikali kuu, lakini vituo vya afya ni vya kaunti. Daktari wa familia akiajiriwa na kaunti, mkataba wake unazungumzia wagonjwa tu. Akifundisha, anafundisha kwa hisani. Na hisani ina mwisho, hasa pale foleni inapokuwa ndefu. Tuliona mwaka 2024, madaktari walipogoma kwa siku 56, malipo ya wanagenzi yakiwa moja ya sababu kubwa, jinsi mafunzo ya vijana wetu yanavyoweza kukwama.

Ya tatu inatuhusu sisi wagonjwa. Wengi wetu tukimwona mwanafunzi tunasema: sitaki kufanyiwa majaribio. Hofu hiyo ina haki yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na aridhie kabla ya kutibiwa. Unaweza kusema hapana, na usinyimwe matibabu kwa sababu hiyo. Mwanamke anaweza kuomba mwanafunzi wa kike, na mwalimu mwenye adabu atalielewa hilo bila kukunja uso. Lakini tukisema hapana sote, kila siku, tujue tunachokichagua. Daktari atakayemtibu mjukuu wetu atakuwa amejifunzia kwa watu wasiofanana nasi, na atakuja kwetu hajui Shaabani ni nini.

La kufanya

Sheria sasa inatoa nafasi. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 inataka kaunti ziunde mitandao inayounganisha nyumba, zahanati, vituo vya afya na hospitali. Mwaka huo huo wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa kupita nyumba kwa nyumba. Mtandao wa namna hiyo unahitaji kichwa, na mtu aliyesomea kuwa kichwa hicho ni daktari wa familia. Lakini wakiajiriwa wachache bila ya kufundisha, watastaafu na ujuzi wao. Wakifundisha, kila mmoja ataacha kumi.

Kwa hivyo maombi yangu ni manne. Kaunti zetu za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, pamoja na Nairobi, ziandike katika mkataba wa daktari wa familia siku maalumu za kufundisha, na zilipwe kama kazi. Vyuo vihesabu ualimu wa kituoni wakati wa kupandisha vyeo. Kila mwanafunzi wa udaktari, hata anayetaka kuwa bingwa wa upasuaji, apitie kituo cha mtaani kwa miezi, na arudi kwa familia zile zile aone yaliyotokea. Na misikiti, makanisa na kamati za mitaa ziwakaribishe wanafunzi hawa: ziwape nafasi ya kupima presha baada ya swala, na kabla ya Ramadhani daktari na imamu waketi pamoja mbele ya watu.

Ombi hilo la mwisho halihitaji bajeti ya kaunti wala kikao cha seneti ya chuo. Linahitaji barua moja kutoka kamati ya msikiti kwenda kituo cha afya kilicho karibu. Inaweza kuandikwa wiki hii, Kariokor, Majengo, Bondeni au Kisauni, na itapata jibu haraka kuliko barua nyingi tunazopeleka kwa wakubwa.